Baridi yako ya kwanza Winnipeg: jipange kabla haijakukuta kituoni

Hii naandika kwa ajili ya ndugu yangu anayetua Winnipeg mwezi wa kumi au wa kumi na moja, awe katokea Kigoma, Uvira, Bujumbura, Mombasa au moja kwa moja kambi ya Nyarugusu. Kila mwaka naona watu wazima, wenye akili zao na nguvu zao, wanajifungia ndani kuanzia Novemba mpaka Aprili, wakitoka ni kazini na Walmart basi, na ikifika Februari mtu ameshakonda roho. Inaniuma kweli maana haikuwa lazima.

Mji wenyewe uko Manitoba, katikati ya Kanada, kwenye tambarare ambayo ukisimama barabarani unaona mpaka macho yanachoka, hakuna kilima, hakuna bahari ya kupooza hewa, kwa hiyo upepo wa kaskazini ukianza safari unakuja kukupiga wewe usoni haujapunguzwa na kitu. Januari wastani ni kama mainasi 16, yaani nyuzi 16 za Selsiasi chini ya sifuri, usiku kupita mainasi 20 ni kawaida, na rekodi ya mji ni mainasi 47.8, iliandikwa tarehe 24 Desemba 1879. Wenyeji wenyewe wanauita Winterpeg, yaani Winnipeg ya baridi. Ila ni mji wa watu zaidi ya laki saba, wazee wanatembea, watoto wanateleza kwenye theluji wanapiga kelele, harusi zinafungwa, na siri yao ni kwamba wamejipanga toka asubuhi.

Hatua ya 1: soma upepo, usiishie kwenye nyuzi

Ukiamka, kabla hujavaa kitu, shika simu uangalie hali ya hewa. Ile namba kubwa ya juu iache kwanza, tafuta ile ndogo iliyoandikwa inahisi kama ngapi, hiyo ndo baridi ikichanganywa na upepo na hiyo ndo itakayokugusa wewe. Mainasi 25 kukiwa kumetulia unaweza kutembea kwenda dukani na kurudi huku unaongea na simu, lakini mainasi 25 hiyohiyo upepo ukivuma kilomita 30 kwa saa mwili unahisi mainasi 39. Watu wa hali ya hewa wa Kanada wanasema ikihisi mainasi 28 mpaka 39 ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 mpaka 30, ikifika 40 mpaka 47 ni dakika 5 mpaka 10. Sasa hapo jiulize basi lako huwa linachelewa dakika ngapi.

Kitu kingine kinachowachanganya wageni ni jua. Kwetu ukiona jua na mbingu ya bluu unajua leo ni joto, huku siku ya mbingu safi kabisa mara nyingi ndo baridi kuliko zote, kwa sababu mawingu ndo blanketi, yakiondoka joto la ardhi linapanda zake juu linapotea usiku kucha. Nimewaona watu wanachungulia dirishani, wanaona kunang'aa, wanatoka na kijikoti. Kuna siku utaona jua lina vijua viwili pembeni, kushoto na kulia, na duara limelizunguka, hizo ni chembe za barafu zinaelea hewani na mwanga unapinda ukizipita, simama sekunde chache uangalie maana ni nzuri ajabu, alafu pandisha zipu mpaka shingoni.

Hatua ya 2: nguo, na tuanzie miguuni

Wengi wanatumia hela yote kwenye koti alafu wanavaa raba. Hapana. Kinachokurudisha ndani ni miguu na vidole vya mikono, kwa hiyo hela ianzie huko. Buti nunua saizi inayoingia na soksi nene ya sufu bila kukubana, maana buti ikibana damu haipiti vizuri na vidole vitaganda hata kama lebo imeandikwa mainasi 40. Soksi mbili za kubanana ni mbaya kuliko moja nzuri iliyokaa kwa nafasi. Na usivae soksi ya jana yenye unyevu, ule unyevu ndo utakaoganda.

Mikononi chukua zile glovu za mfuko, yaani vidole vinne vinakaa chumba kimoja na gumba chumba chake, vinapeana joto. Za vidole vimoja vimoja ni za Oktoba na za kuendeshea gari. Mi navaa nyembamba ndani na za mfuko juu, ili nikitoa mkono kutafuta funguo nisiwe mtupu, maana chuma cha kitasa kwenye mainasi 30 ukikishika na mkono mtupu kinauma kama umeshika sufuria ya moto.

Mwilini ni tabaka tatu. Ya kwanza inayogusa ngozi iwe ya kubana na isiwe pamba, pamba inakunywa jasho inabaki nalo, alafu ukisimama kituoni lile jasho linakupoza. Ya pili sweta la sufu au la filisi, kile kitambaa laini chepesi chenye vinyoya. Ya tatu koti refu linalofika mapajani, lenye kofia yake na manyoya pembeni mwa kofia, yale manyoya sio pambo, yanakata upepo kabla haujafika shavuni. Bei za koti jipya ni kali sana, usikope kwa ajili hiyo. Maduka ya mitumba yapo mengi na mtu aliyezoea kuchambua mitumba Karume au Gikomba huku ni bingwa: angalia zipu inapita vizuri, papasa mabegani kama manyoya ya ndani hayajahamia chini, kunja mkono uangalie mpira wa kifundo. Watoto kuna mpango unaitwa Koats for Kids unatoa makoti bure kwa familia zenye uhitaji, waulize shuleni watakuelekeza, na usione aibu kabisa, ndo kazi yake.

Kichwani boshori. Dada zangu na mama zangu mliosuka au mnaoachia nywele za asili, sufu inakata nywele pale mbele kwenye paji, shoneni kitambaa cha satini kwa ndani au vaeni kitambaa cha satini kwanza boshori juu. Na usitoke na nywele mbichi, zinakakamaa ukiwa hujafika hata kwenye kona. Skafu ipite juu ya pua, pumzi yako itaganda juu yake iwe nyeupe, kope nazo zitaota barafu na ukifumba macho zinashikana kidogo, usizivute, weka kiganja juu yake zitaachia zenyewe.

Mtoto wa shule anahitaji na suruali ya theluji, ile nene ya kuvaa juu ya nguo, na andika jina lake kwenye KILA kitu, maana watoto ishirini na wote wana glovu nyeusi. Mpe na jozi ya viatu vya kukaa navyo darasani. Hapo utajisikia nyumbani kidogo, huku nako viatu vinavuliwa mlangoni, hata fundi akija kukutengenezea bomba anavua.

Hatua ya 3: nyumba

Nyumba nyingi zinapashwa na fanesi, hilo lidude liko chini kwenye besimenti linasukuma hewa ya moto kupitia matundu sakafuni, kwa hiyo usipange kochi wala magodoro juu ya matundu. Kama nyumba yako ina bomba la fanesi linalotokea ukutani nje, baada ya theluji kubwa toka uone halijafunikwa, likiziba fanesi inazima, au hewa yake chafu inakurudia ndani.

Na hapa naomba tuelewane kabisa. USIWASHE jiko la mkaa ndani ya nyumba, hata veranda iliyofungwa, hata karakana, hata kwa dakika tano za kuchoma mahindi. Nyumba za huku zimezibwa kila upenyo ili joto lisitoke, na moshi usioonekana wa mkaa hautoki pia, unalala na familia yako. Hiyo hewa ni sumu, inaitwa kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi. Vilevile usiache oveni ya gesi wazi ili ikupashe, wala gari likinguruma ndani ya karakana. Angalia kama king'ora cha hiyo hewa kipo na betri yake inafanya kazi, hakipo mwambie mwenye nyumba leo leo.

Dirishani kama kunapuliza nunua ile plastiki nyembamba ya kubandika kwa ndani, unaibana na gundi ya pembeni alafu unaipitishia drayeya ya nywele inajivuta inakuwa kama kioo, rahisi na inasaidia sana. Tatizo la ndani hasa ni ukavu. Hewa ya fanesi inakausha ngozi inapauka, midomo inapasuka, watoto wanatoka damu puani usiku, ukimshika mtu mnapigana shoti. Tafuta mashine ndogo ya kutoa mvuke chumbani, au anika nguo ndani, na ukitoka kuoga jipake mafuta mwili ukiwa bado na unyevu. Mafuta ya nazi huku yatakuwa mgando chupani siku zote, kwa hiyo yaweke kwenye kopo la mdomo mpana, uchote na kidole.

Vitamini D nayo ongea na daktari. Mwisho wa Desemba jua linachomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi na nusu jioni limeshazama, na hata hayo masaa nane umevaa mpaka pua, na ngozi zetu nyeusi zinahitaji jua zaidi ili mwili utengeneze hiyo vitamini.

Hatua ya 4: barabarani na kituoni

Tembea kama bata, hatua fupi, unyayo wote chini, mikono nje ya mifuko. Ukikanyaga theluji ikalia krii krii kwa sauti nyembamba, kama unasugua sahani, ujue ni baridi kali na hiyo theluji haitelezi sana, kinachotupa watu chini ni siku ya vuguvugu ikayeyuka mchana ikaganda usiku. Simu iweke mfuko wa ndani karibu na kifua, betri ikipata baridi inatoka asilimia 40 inazima, na wewe uko kituoni hujui basi liko wapi. Vituo vingine vina kibanda chenye hita, vijue vya njia yako. Katikati ya mji kuna madaraja yaliyofunikwa yanaunganisha jengo na jengo juu ya barabara, unaweza kutembea mbali bila kutoka nje, jifunze hiyo njia mapema. Nje kwenye makutano ya Portage na Main, ambapo toka 1979 watu wa miguu walikuwa hawaruhusiwi kukatiza juu mpaka pakafunguliwa tena 2025, upepo wake una sifa nchi nzima na sifa hiyo imestahili.

Mwaka wangu wa pili nilisimama kituoni Ellice Avenue asubuhi na mama mmoja wa Uvira, alikuwa na wiki tatu tu hapa. Akaniambia, "Baba, sasa vidole vyangu haviumi tena, vimezoea." Nikamwambia mama, hapo ndo pabaya. Tukaingia duka la karibu, akavua glovu, ncha za vidole viwili zilikuwa zimepauka rangi ya majivu, ukigusa ni ngumu kama mshumaa. Tukaweka mikono yake kwapani mwake mwenyewe, kimyakimya, mpaka maumivu yakarudi na machozi yakamtoka, na nilifurahi yaliporudi. Vitabu vingi vinasema ngozi inakuwa nyekundu, kwenye ngozi yetu usisubiri wekundu, angalia majivu, ugumu, na ganzi. Ikikukuta: ingia ndani, usisugue, usipake theluji, usiweke kwenye moto wala maji ya kuchemka, tumia maji ya uvuguvugu au joto la mwili. Ikitokea malengelenge au ganzi haiondoki nenda hospitali.

Sisemi kutisha watu. Desemba 2016 wanaume wawili wa Ghana walivuka mpaka kwa miguu kutoka Marekani karibu na Emerson, kusini mwa hapa, wakapita mashambani usiku kwenye theluji, na wakapoteza karibu vidole vyote vya mikono. Kama una ndugu anayeambiwa na mtu kwamba ile njia ni fupi, mpigie simu.

Hatua ya 5: gari

Utaona magari yana waya na plagi inaning'inia mbele puani. Wageni wengi wanadhani ni magari ya umeme. Ni hita ya injini. Mafuta ya injini kwenye mainasi 25 yanakuwa mazito kama asali, betri nayo imepoteza nguvu, sasa unaiambia isukume asali. Kwa hiyo ikishuka kama mainasi 15 kwenda chini chomeka usiku, au weka taima ianze masaa matatu manne kabla hujaondoka, inatosha na umeme hauumi sana. Parking za maghorofa na za kazini nyingi zina soketi. Nunua ekstensheni ya nje inayovumilia baridi, ile ya ndani inakakamaa inavunjika. Na kabla hujaondoka ZUNGUKA mbele uchomoe, kunja waya, ndo ukae kwenye usukani. Fanya iwe desturi kama kufunga mkanda.

Tairi za baridi ni lazima hata kama sheria ya Manitoba haikulazimishi, raba yake inabaki laini, hizi nyingine zinakuwa kama plastiki na gari linakwenda linapotaka lenyewe. Shirika la bima la jimbo, Manitoba Public Insurance, lina mkopo wa riba ndogo wa kununulia hizo tairi, ulizia kwa wakala wako. Maji ya kioo yawe yale yanayostahimili mainasi 40. Tenki lisishuke nusu. Kwenye makutano moshi wa magari yanayosubiri unaganda juu ya lami unakuwa kioo, barabara inaonekana nyeusi kavu kumbe ni barafu, anza kupunguza mwendo mapema na usikanyage breki kwa ghafla.

Ndani ya buti la gari weka blanketi, beleshi dogo, waya za kubusti betri, mchanga kidogo, mshumaa na kopo na kiberiti, biskuti, tochi. Ukikwama haiwei, yaani barabara kuu ya nje ya mji, usiache gari ukatembea, upepo ukianza kupeperusha theluji huoni hata mkono wako, kaa ndani, washa injini kidogo kidogo, ila kwanza hakikisha ekzosi haijazibwa na theluji. Mjini angalia vibao vyenye alama ya theluji, usiku kwenye hizo barabara hauruhusiwi kupaki majira ya baridi, na mtaa wenu una herufi yake ya zamu ya kukwanguliwa theluji barabarani, ukichanganyikiwa piga 311, namba ya simu ya mji.

Hatua ya 6: beleshi

Theluji ikianguka toa mapema kabla haijakanyagwa, sukuma pembeni, usiinue beleshi limejaa. Wenye moyo au presha waachie vijana. Ukimaliza wako, vuta mita chache na mbele ya bibi jirani. Hiyo ndo salamu ya mtaa huku, na mimi majirani zangu nimewajua hivo.

Hatua ya 7: toka nje uone

Hatua hii watu wanairuka na ndo naisisitiza kuliko zote. Mji uko mahali mito miwili inakutana, Red na Assiniboine, panaitwa The Forks, na barafu ikishakuwa nene wanaisafisha inakuwa barabara ya watu juu ya mto. Unatembea juu ya mto! Viatu vya kuteleza vinakodishwa palepale, kama hujui tembea na buti, hakuna atakayekuangalia. Kila mwaka wasanifu majengo wanashindanishwa kubuni vibanda vya kujipashia joto njiani, vingine vya ajabu kweli, watoto wanaingia na kutoka. Usikanyage mto sehemu isiyofunguliwa rasmi, hata kama umeona nyayo za mtu. Msimu mwingine inafunguliwa siku chache tu, kwa hiyo ukisikia imefunguliwa nenda wiki hiyohiyo.

Februari kuna Festival du Voyageur upande wa Saint-Boniface, toka 1970, siku kumi za sanamu kubwa za theluji, fidla, na sukari ya mepo, ile ya utomvu wa mti, inamwagwa ya moto juu ya theluji unaizungusha kwenye kijiti inaganda inakuwa pipi. Ndugu zangu wa Kongo na Burundi mtasikia Kifaransa kila upande, tafuteni kazi na marafiki huko pia. Na siku roho ikiwa imebanwa kabisa, Assiniboine Park kuna jengo la vioo linaitwa The Leaf, limefunguliwa mwisho wa 2022, ukifungua mlango wa upande wa mimea ya nchi za joto miwani inafunga ukungu hapohapo, unavua koti, na pua yako inakutana na harufu ya majani mabichi na udongo uliolowa. Mara ya kwanza kumpeleka mke wangu alisimama pale mlangoni akavuta pumzi muda mrefu, akasema tu, "Bukoba." Tulikaa mpaka wakafunga.

Mwezi wa tatu jua litarudi na utataka kuweka koti kabatini, subiri kwanza, Aprili inaweza kumwaga theluji ya kufika magotini na Mei nimeiona kwa macho yangu. Theluji ikija kuyeyuka kweli mitaa inakuwa maji na matope, buti zitaota michoro myeupe ya chumvi, zifute na kitambaa chenye maji na siki kidogo, zijaze magazeti zikauke mbali na hita, na glovu ulizobakiza upande mmoja mmoja usizitupe, ile nyingine itaonekana kwenye uzio wa jirani theluji ikiisha, watu huku wakiokota wanachomeka juu ili mwenyewe aione.